Gari Halivuti Mlimani? Pima Kwanza Kabla ya Kununua Turbo

Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ-TE inaweza kuficha ugonjwa wake kuanzia Kibaha hadi Mikumi. Barabara haina mlima wa kutisha, dereva hana haraka, na dizeli ya lita tatu inakwenda zake bila kulalamika. Kitonga ndiko siri inakofichuka. Ukishaiacha Ruaha Mbuyuni na barabara ikaanza kujikunja kuupanda mlima, unakanyaga mafuta hadi mwisho, gia inashuka hadi ya pili, moshi mweusi unatanda kwenye kioo cha nyuma, na basi ulilolipita asubuhi linakuja kukupita kwa honi.

Gari likirudi mjini linapelekwa gereji. Fundi anasikiliza maelezo nusu, anafungua boneti, anapiga resi mara mbili tatu akiwa amesimama pale pale uani, kisha anatoa hukumu: bosi, turbo imekufa. Kuanzia hapo mazungumzo yote ni ya bei. Ipo iliyotumika kutoka Japani, ipo mpya ya China, ipo ya kufungua na kubadilisha vitu vya ndani. Mwenye gari anakuna kichwa, anapiga simu kwa shemeji, anatafuta fedha. Turbo mpya inafungwa, na safari inayofuata Kitonga moshi ni ule ule.

Jambo hili linaniuma kwa sababu naliona kila mara, na kwa sababu linazuilika. Katika magari haya ya zamani tuliyoyapokea kutoka Japani yakiwa tayari yametembea, turbo inapaswa kuwa kitu cha mwisho kushukiwa, maana mara nyingi yenyewe ni nzima. Kinachovuja ni mpira wa bei ndogo, kilicholegea ni klipu, au kilichopasuka ni kijipaipu chembamba ambacho hakuna aliyekitazama. Lakini ili kulijua hilo ni lazima mtu apime, na kupima ndiko kunakokosekana.

Turbo yenyewe ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moja imekaa kwenye njia ya moshi na inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kwa kasi na joto kali. Ya pili imekaa kwenye njia ya hewa, na kwa kuwa shafti ni moja, nayo inazunguka, inavuta hewa kutoka kwenye filta na kuisukuma ndani ya silinda kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaungua vizuri, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, ila magari ya kawaida ya familia yalianza kulizoea miaka ya 1970, Saab ilipoonyesha 99 Turbo mwaka 1977. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isisagike ni utando mwembamba wa oili unaopita kati yake na bushi zake.

Ukielewa hivyo, utaona kwamba presha ya turbo haitengenezwi na turbo peke yake. Inategemea mafuta yaungue vyema ili moshi uwe na nguvu, moshi ufike wote kwenye feni bila kuvuja njiani, hewa iingie bila kuzuiwa na filta, na ikishasukumwa isitoroke kabla ya kufika kwenye injini. Kamba hukatikia pabovu, na njia hii ya hewa na moshi ina viungo vingi vilivyozeeka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni geji. Si lazima iwe ya gharama. Geji ya kawaida ya presha inayosoma hadi psi 30, mpira mwembamba wenye urefu wa kutosha kutoka kwenye injini hadi ndani ya gari, na kiungo cha njia tatu kinachochomekwa kwenye kijimpira kinachotoka kwenye manifoldi ya hewa. Mpira usipite karibu na ekzosi wala feni ya redieta. Anayesoma geji awe abiria, dereva aangalie barabara. Tafuta kilima, weka gia ya tatu, teremsha mzunguko wa injini hadi karibu 1,500, kisha kanyaga mafuta yote na uache injini ipande yenyewe hadi 3,000 au zaidi kidogo.

Naomba nisisitize hapa kwa sababu hili ndilo kosa linaloua fedha za watu. Kupiga resi gari likiwa limesimama hakupimi turbo. Injini isiyo na mzigo inaunguza mafuta kidogo sana, moshi wake hauna nguvu, na hata turbo mpya kabisa itaonyesha presha kidogo mno. Anayetoa hukumu kwa kupiga resi uani anabahatisha, hata kama ana miaka mingi kazini. Mlima ndio kipimo.

Injini nyingi za dizeli za kizazi hicho, ikiwemo 1KZ-TE ya Prado na ya Hilux Surf, husukuma kati ya bar 0.5 na 0.8, yaani kama psi 7 hadi 12, na kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Ikiwa geji inapanda hadi kiwango chake na kutulia pale, turbo inafanya kazi, na sababu ya gari kuwa zito itafutwe kwingine: filta ya dizeli iliyoziba, nozeli zilizochoka, pampu, klachi inayoteleza, hata breki zinazoshika. Ikipanda nusu tu, au ikipanda kisha ikaporomoka, hapo sasa uchunguzi umeanza.

Kuna jambo linalowachanganya mafundi wa nyanda za juu, na wa Nairobi pia. Geji ya mkono inasoma tofauti kati ya presha ya ndani na ile ya nje, lakini mashine ya kompyuta inayounganishwa na magari ya karibuni kidogo husoma presha yote tangu sifuri. Dar es Salaam, injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa, sensa ya manifoldi inapaswa kuonyesha kama kilopaskali 100, ambayo ni hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Mbeya au Nairobi, ambako mwinuko ni kama mita 1,700 au zaidi, sensa ile ile itaonyesha kama 83. Sasa chukua gari linalosoma 170 likipanda mlima Pwani: toa 100, turbo inasukuma 70, sawa na bar 0.7. Gari kama hilo likisoma 150 Mbeya, asiyejua atasema presha imeshuka. Toa 83, unabaki na 67. Turbo ni ile ile, hewa ya nje ndiyo iliyopungua. Na kama sensa inaonyesha 60 au 130 wakati injini imezimwa, basi yenyewe ndiyo mgonjwa, na kila kinachotokana nayo ni uongo.

Rangi ya moshi nayo inasema mengi. Moshi mweusi pamoja na presha ndogo maana yake mafuta yapo, hewa haitoshi: tafuta inapovuja au inapozuiwa. Presha ndogo bila moshi wowote, gari likiwa zito tu kama limepakia saruji, mara nyingi ni mafuta kukosekana. Hapa wengi wanapotea. Wanaona presha ndogo, wanaifanya kuwa chanzo, kumbe ni matokeo: mafuta yakiwa machache moshi hauna nguvu, na feni haizunguki inavyotakiwa. Nimeona filta ya dizeli ikibadilishwa na presha ikarudi palepale, baada ya turbo kukaa juu ya meza ikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na huo ndio unaoweza kukuelekeza kwenye turbo, au kwenye ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito usioisha gari likishapata moto, katika 1KZ-TE hasa, ukufanye uangalie maji kwanza, kwa sababu silinda hedi ya injini hiyo ina historia ya kupasuka ikichemka.

Tuje kwenye kuvuja, maana ndiko kwenye majibu mengi. Mipira mikubwa inayobeba hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini imetengenezwa kwa raba iliyoimarishwa kwa nyuzi. Kwa miaka yote imelowana mvuke wa oili kwa ndani na kuokwa na joto kwa nje. Inafika mahali inavimba na kulainika, na ukiibonyeza kwa vidole inabonyea kirahisi. Ufa ukitokea huwa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki, na gari likiwa limesimama ufa huo umejifunga. Unafunguka tu presha inapopanda. Ndiyo maana kuangalia kwa macho hakutoshi, ingawa macho yanaweza kukupa fununu: tafuta sehemu ya kiungo yenye oili iliyoshika vumbi jekundu na kuwa tope kavu. Hewa inapovuja hutoka na chembe za oili, na vumbi la barabara zetu hunata pale pale.

Kipimo cha uhakika kinatumia vitu ambavyo kila fundi wa pancha anavyo. Unavua paipu inayotoka kwenye filta ya hewa, unaziba mdomo wa turbo kwa kipande cha bomba la plastiki chenye kifuniko upande mmoja, na kwenye kifuniko hicho umefunga kijivalvu cha tairi. Unakaza klipu, unapuliza hewa ya kompresa taratibu, psi 10 inatosha na usizidishe, halafu unapaka maji ya sabuni kwenye kila mpira na kila kiungo. Usisimame mbele ya kifuniko hicho, maana kikichomoka kinaruka kwa nguvu.

Nililitazama zoezi hilo likifanyika kwenye Surf moja Ilala, gari lenye tundu la hewa juu ya boneti na intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, chini yake. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa anunue turbo. Fundi, kijana mpole asiyependa maneno mengi, alipuliza hewa na wote tukasikia mlio kama wa nyoka, lakini hakuna aliyejua unatoka wapi. Akapaka sabuni mpira wa kuingilia intakula: kimya. Wa kutokea: kimya. Akachukua kioo kidogo cha kunyolea, akakipitisha chini ya mpira unaotoka kwenye turbo, akamimina sabuni kwa mkono wa kushoto. Povu likafura hadi likadondoka kwenye injini. Mpasuko ulikuwa na urefu wa kucha ya dole gumba, mahali klipu ilipokazwa kupita kiasi hadi ikakata raba. Alipozima kompresa, povu likakoma na ufa ukajifunga usionekane hata kwenye kioo. Mpira na klipu pana vikapatikana kwa sehemu ndogo sana ya bei ya turbo, na gari likaondoka siku hiyo hiyo.

Mlio hafifu kwenye mdomo wa kujazia oili wakati wa zoezi hili usikutie hofu, kwani hewa kidogo hupenya kwenye ringi. Ukiwa mkubwa, hiyo ni kesi nyingine ya injini yenyewe.

Vijimpira vyembamba vinahitaji heshima yake. Kwenye Pajero yenye injini ya 4D56, kimoja kinapeleka habari ya presha kwenye pampu ya dizeli ili iongeze mafuta. Kikipasuka, pampu haijui kwamba turbo inasukuma, haiongezi mafuta, na gari linakuwa zito bila moshi. Kwenye 1KZ-TE kazi hiyo inafanywa na sensa na kompyuta, lakini sensa nayo inapata habari kupitia kijimpira, na kikikauka na kupasuka kompyuta inabana mafuta. Magari hayo ya 1KZ-TE hata hayahitaji mashine ya kisasa: waya mfupi unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, taa ya cheki injini inawaka na kuzima kwa mpangilio, na fundi anahesabu na kulinganisha na kitabu. Ni kazi ya dakika chache, lakini gereji nyingi hazimfanyii mteja.

Upande wa kuvuta hewa nao utazamwe, kwa sababu ya vumbi letu. Filta iliyopulizwa kwa kompresa mara nyingi kuliko ilivyobadilishwa huziba, au hutoboka, na kutoboka ni kubaya zaidi. Mchanga laini ukipita hapo unakwangua ncha za feni, hadi inakuwa butu na haishiki hewa tena. Paipu ya kuvutia nayo, ikilainika, hujikunja kwa ndani injini inapodai hewa nyingi. Ondoa filta kwa jaribio moja fupi kwenye lami safi. Presha ikipanda, umepata jibu.

Kwenye moshi, tafuta masizi meusi kwenye maungio ya manifoldi ya ekzosi na sikiliza mlio wa tiki-tiki asubuhi injini ikiwa baridi, unaopotea chuma kikishapata moto na kutanuka. Huo ni moshi unaotoroka kabla ya kufika kwenye feni. Na kwenye magari ya petroli, kama Subaru Forester ambazo zimejaa Nairobi na Dar, katalisti iliyoyeyuka au kuvunjika ndani huziba njia ya kutokea, na turbo inakosa pumzi hata kama ni nzima.

Kisha kuna westigeti, kijimlango kinachoruhusu moshi wa ziada upite pembeni ya feni presha inapofika kikomo. Kinavutwa na kifimbo kilichounganishwa na kopo lenye springi ndani. Springi ikichoka, au kijimlango kikikwama wazi kwa masizi, presha haipandi kamwe. Pampu ndogo ya mkono yenye geji inatosha: puliza kwenye kopo na utazame kifimbo kinaanza kusogea kwenye presha gani. Kikisogea mapema mno, springi imechoka. Kisiposhikilia presha, ngozi ya ndani imetoboka. Na jambo moja liwekwe wazi: kijimpira cha kopo hili kikichomoka, presha hupanda kupita kiasi, haishuki. Wapo wanaokichomoa makusudi au kufupisha kifimbo ili gari livute. Ni hatari kubwa. Joto ndani ya silinda linapanda, na kwenye injini yenye hedi dhaifu unanunua msiba.

Turbo zenye mabawa yanayojigeuza, kama ile ya Nissan Patrol ya ZD30, zina tabia yake. Zile zinazoendeshwa kwa vakyumu hupoteza presha pale mpira wa vakyumu unapopasuka, na masizi hugandisha mabawa yasitembee. Fundi aliyezoea westigeti akiingia huko na mawazo yale yale atapotea njia.

Baada ya yote haya ndipo turbo yenyewe ikaguliwe. Injini iwe imezimwa na kupoa. Vua paipu ya hewa, ingiza vidole, zungusha feni. Izunguke kwa wepesi bila kukwaruza. Ukiisukuma pembeni itacheza kidogo, na hilo ni la kawaida kwa sababu nafasi ile ndiyo inayojazwa na oili. Ukiivuta mbele na nyuma isicheze kiasi cha kuhisiwa. Mulika kwa tochi: ukiona ncha zimelika, au ukuta wa nyumba yake una mkwaruzo unaong'aa mahali feni ilipogusa, hapo hukumu ya kifo ni ya haki. Oili kidogo ndani ya paipu isikutishe, kwani mvuke wa injini hupita njia hiyo.

Kwa maoni yangu mzizi wa tatizo si ujinga wa mafundi. Wengi wanajua haya yote. Tatizo ni kwamba wateja tunalipia spea na kufunga, hatutaki kulipia kuchunguza. Fundi akitumia nusu siku na maji ya sabuni akapata ufa, tunamuuliza kwa nini anadai hela nyingi kwa kubadilisha mpira mmoja. Akituuzia turbo, tunalipa na kumshukuru. Kwa malipo ya namna hiyo tunamfundisha kubahatisha. Kubaliana na fundi ada ya uchunguzi kabla boneti haijafunguliwa, mwambie unataka kuona namba kwenye geji, na uilipe hata kama ugonjwa ni klipu iliyolegea.

Na ikithibitika turbo imekufa kweli, mwulize fundi imekufa kwa nini kabla ya kufunga nyingine. Mara nyingi jibu liko kwenye oili: imechelewa kubadilishwa, au bomba lake limeziba. Injini nyingi za Subaru zenye turbo zina kichujio kidogo cha wavu kwenye bolti ya bomba la oili, na kikiziba turbo inakauka huku injini ikiwa na oili ya kutosha. Mabomba ya kupeleka na ya kurudisha oili yasafishwe hadi mwanga upite, intakula imwagwe oili ya zamani na vipande vya chuma vilivyobaki, oili na filta vibadilishwe. Kisha oili safi imiminwe kwenye tundu la turbo kabla ya kuunganisha bomba, feni izungushwe kwa mkono, na injini izungushwe kwa stata bila kuwaka hadi taa ya oili izime. Ikishawaka iachwe iungurume taratibu kwa dakika kadhaa, bila mtu yeyote kugusa pedeli ya mafuta.